Bawa la Kushoto Lilikuwa Langu

Aibu yangu mimi Tabora nzima inaijua, kwa hiyo sina haja ya kuificha, tena haya zenyewe nilizimaliza zote siku ile ile kule uwanja wa ndege, sikubakiza hata za kesho yake. Ukipita Mtendeni ukasikia mzee mmoja ananiita, "Marehemu, umeamkaje?" na mimi naitika, "Salama tu, ndugu yangu," usishtuke ukadhani umeingia mji wa majini. Jina langu ni Maganga. Hilo la Marehemu nimepewa, na nimepewa na watu walionililia kwa machozi ya kweli huku mimi nawasikiliza. Vijana wanakisimulia vibaya kisa hiki, wanaongeza chumvi, mara ndege ilianguka, mara nilizikwa nikafukuliwa, uongo mtupu. Acheni niseme mwenyewe, maana mimi ndiye niliyekuwa maiti.

Kwanza mjue kwamba nilikuwa mtu wa asali. Shule nilisoma kidogo sana, mwalimu wa misheni alinifundisha kusoma na kujumlisha, alipofika kwenye kugawanya baba akaniita porini kwenye mizinga (na kweli kugawanya ndiko kulikonishinda maishani, mtaona wenyewe). Nilikuwa nanunua asali na nta kwa warinaji wa upande wa Tura, naileta mjini kwa treni, na najisifu kwa jambo moja tu, asali yangu haijapata kutiwa maji. Mnunuzi wangu mkubwa alikuwa Kanjibhai, Mhindi mwenye duka la vitambaa na baiskeli pale Mtendeni, mtu mwembamba, mpole, anakunywa chai kwenye kisahani, ila alikuwa hawezi kuona kitu kimekaa bure. Ukiegemea kaunta yake bila kununua alikupa kitambaa ufute vumbi.

Sasa miaka ile uhuru ukiwa bado mpya, kulikuwa na Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku upande wa Urambo, naye akaamua kurudi kwao, akauza trekta, akauza ng'ombe, akauza mpaka mbwa, ikabaki ndege. Ndege ndogo, viti vinne, mabawa juu, nyeupe ya maziwa yaliyolala. Aliyekuwa anaihudumia ni Kondo, Mzaramo wa Pwani, ambaye alianza kwa kuiosha, akaja kuitengeneza, mwisho Mgiriki akampeleka kusomea urubani na cheti akapata. Kondo akamwendea Kanjibhai, Kanjibhai akaniita mimi, tukakaa nyuma ya duka juu ya majora ya vitambaa, tukagawana ndege. Kanjibhai bawa la kulia, mimi bawa la kushoto, na Kondo, kwa kuwa fedha hakuwa nazo ila kazi ya kurusha ni yake, akapewa mkia. Injini tukasema ni ya wote. Mafuta ni ya anayesafiri siku hiyo. Mlinzi, matairi, na yule mkaguzi wa kila mwaka ambaye alikuwa akiigonga gonga ndege kama mnunuzi wa nazi kisha anaondoka na fungu kubwa kuliko letu sote, hayo tunachanga. Na Kanjibhai akaongeza sheria yake, kwamba kiti kisirudi kitupu. Ukienda na watu rudi na watu, ukikosa watu rudi na karanga.

Mtaniuliza, wewe mtu wa asali, Tura unafika kwa treni, ndege ya nini? Swali zuri, na ndilo aliloniuliza mke wangu. Babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara, alitoka hapa akaenda Pwani kwa miguu na pembe ya ndovu begani, na mpaka anakufa bega lile lilikuwa na kigumu kama kisigino. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananiwekea mkono wangu pale, nishike. Basi Kondo alipotaja ndege, mimi nikaliona lile bega, nikasema mjukuu wake atakwenda Pwani amekaa kitako. Sikusema zaidi ya hapo, na wala sikufikiri zaidi ya hapo. Nikauza ng'ombe. Zizi zima, akabaki dume mmoja mwenye chongo ambaye mnunuzi alimkataa.

Mke wangu Nyamizi alikuwa shamba siku hiyo, aliporudi akakuta zizi liko kimya. Hakupiga kelele. Ni mwanamke wa Lusu, kule Nzega, wanawake wa kule wakikasirika wanasema polepole.

"Baba Shija, ng'ombe wako wapi?"

"Nimenunua bawa."

"Bawa la nini?"

"La ndege. La kushoto."

Akaniangalia mpaka nikaanza kuangalia miguu yangu. "Umeuza maziwa ya mwanao," akasema, "ukanunua bawa moja. Hata kuku anayo mawili." Kesho yake akapanda basi la Nzega na mtoto mgongoni, akarudi kwao.

Hapo ndipo mambo yaliponikaa kooni. Watu walianza kunipita mlangoni wakisalimia kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa. Mke akirudi kwao, kwetu Unyamwezini, unapewa muda kidogo, kisha uende ukamwombe, usipokwenda msimu ukapita, basi umekwisha kusema mwenyewe kwamba humtaki. Na mimi nilimtaka. Nilikuwa napika ugali unakuwa na mabonge, naula gizani nisiyaone.

Nikaenda kwa Kondo. Lazima niwaeleze Kondo alikuwa nani kwangu, zaidi ya mkia. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu babu zetu wanafika Pwani na mizigo na babu zao wanawapokea. Mtani anakutukana hukasiriki, anachukua kofia yako hudai, na siku ukifa anakuja kuikamata maiti yako, anakaa mlangoni, haitolewi nje mpaka wafiwa waikomboe kwa kitu. Kondo alikuwa anautumia utani ule kama mtu anayelipwa mshahara wake. Nilipomwambia twende Lusu nikamrudishe mke wangu, akasema, "Kumbe wapagazi siku hizi mnabebwa? Haya, twende, ila mafuta ni yako."

"Mafuta ni yangu," nikasema. "Na kile kiti?"

Kile kiti sasa. Kiti cha mbele, kando ya rubani, mgongo wake ulikuwa unashikwa na kichuma, na kichuma kilikuwa kimekatika tangu mvua za mwanzo. Kipya kilipatikana Dar es Salaam kwa kuagiza. Nani alipe? Kanjibhai akasema kiti ni cha anayekikalia, na yeye hukaa nyuma. Mimi nikasema wangu ni bawa, kiti hakimo ndani ya bawa. Kondo akasema wake ni mkia, na mkiani hakuna kiti. Tulilisemea jambo lile nyuma ya duka mpaka chai ikapoa mara nyingi, sote wakaidi, sote wana hoja, na kichuma kikabaki Dar es Salaam. Basi asubuhi ile mimi nikachukua kamba ya gome la myombo, hizi tunazotundikia mizinga juu ya miti, nikaufunga mgongo wa kiti kwa chini, nikakaza kwa goti. Nikamwambia Kondo, kamba hii inashika mzinga uliojaa asali na nyuki wake wote, itashindwa na mimi? Kondo akaivuta, akasema, "Mzinga hauna tumbo kama lako, mtani." Tukaondoka. Mkitaka kujua balaa lilianzia wapi, ndipo hapo, kwenye kamba.

La pili nalo nililitafuta mwenyewe. Wakati ule Azimio lilikuwa limetoka, kila mtu anapimwa kama ni mjamaa au ni kupe, na Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mrisho, alikuwa amekuja dukani kuuliza hii ndege ni ya bepari gani. Kanjibhai akamjibu kwa upole, "Bepari hapana, Balozi. Huyu bawa, mimi bawa, yule mkia. Hakuna hata mmoja anaweza kuruka peke yake. Ujamaa gani tena unataka?" Balozi akaipenda hiyo mpaka akairudia mkutanoni, akasema siku moja atawaleta watu wa nyumba zake waione ndege ya ujamaa. Na mimi mdomo wangu (mdomo huu huu) nikasema, "Njooni siku hiyo ninayokwenda ukweni, jioni mtaniona nashuka na mke wangu." Balozi akasema watakuja na ngoma.

Lusu tukashuka kwenye mbuga ya malisho. Kondo alizunguka mara ya kwanza kufukuza ng'ombe, mara ya pili kufukuza watoto, mara ya tatu ndio akashuka. Nikapiga suruali vumbi, nikaenda mpaka nje ya mji wa wakwe, nikachuchumaa pale, nikaamkia, "Mwangaluka," wakaitika, mjomba wake Nyamizi akatoka na kigoda. Nikasema maneno yangu. Nilikiri ng'ombe, sikubisha hata neno.

Mnajua, au kama hamjui niwaambie, kwetu mtu hamkaribii mama mkwe. Hamtazamani usoni, ukimwona njiani unaingia porini apite, kula naye hakuna, kusemezana ni kwa mtu wa kati. Miaka yote ya ndoa yangu mama yule nilimjua kwa kikohozi tu. Basi siku ile alikuwa ndani, nyuma ya mlango, anakohoa, na Nyamizi ndiye aliyekuwa anatoka na kuingia na maneno.

Mwisho Nyamizi akasema, "Mimi nina jambo moja. Mama macho yanaziba, ameshaanza kumwaga maji nje ya mtungi. Hospitali ya misheni Tabora wanaye daktari wa macho. Basi linamtikisa, anatapika njia nzima. Kama hilo bawa lako lina faida yoyote, limpeleke mama. Mama akifika hospitali, na mimi nimefika nyumbani. Asipofika, nibaki namshika mkono huku."

"Leo hii hii!" nikasema, nikasimama kabisa.

"Vizuri. Mimi na mama tutakwenda na rubani. Wewe utakuja kesho na basi."

Angalieni akili ya mwanamke yule. Alikuwa ameshapanga kila kitu, heshima imekaa, mkwe hakuonana na mkwe. Ningeitika tu "sawa," leo ningekuwa naitwa Maganga. Lakini nikaiona ile mbuga imejaa watu wa Lusu, nikawaona watu wa Mtendeni wanangoja na ngoma, na ndege inafika bila mimi, mwenye bawa nimo ndani ya basi nimekalia gunia la mtu. Nikasema hapana. Nikasema nitakaa mbele, yeye atakaa nyuma, nitatazama mbele tu mpaka Tabora, kwani kuna tofauti gani na kutembea njia moja mmoja katangulia? Mjomba mtu akakuna kichwa, akasema kwa kweli jambo la ndege wazee hawakuliwekea sheria.

Kondo naye akatangaza kwamba kabla ya kupanda lazima tupimwe, ndege isizidiwe. Akaazima mizani ya pamba kwenye ghala la ushirika, ile ya kuning'iniza, akanipima mimi kwanza mbele ya kadamnasi, ndani ya gunia, miguu inachezacheza, akapaza sauti kama karani wa mnada, "Pamba daraja la pili, imeloa maji!" Wakwe zangu wote walicheka. Mama mkwe alipoletwa kupimwa mimi nilikuwa nimeshageuka nimeangalia mlima. Nilisikia mizani inalia tu. Kondo, na utani wake wote, hakusema idadi, alisema, "Mama huyu ni mali," na akanyamaza, na kwa hilo nilimheshimu.

Wakampandisha upande wa kulia, nyuma ya kiti changu, na alipokwisha kukaa hakukubali kusogea hata kidogo, kuku wake mweupe mapajani. Nyamizi akazunguka akakaa nyuma ya Kondo na mtoto wetu Shija. Mimi nikapanda mwisho, kinyumenyume, kofia nimeivuta usoni. Nikafunga mkanda. Nikamsikia anakohoa kisogoni kwangu, karibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nikaanza kutoka jasho.

Ndege ikakimbia mbugani, ikaruka, ikainua pua, na uzito wangu wote ukarudi nyuma. Kamba ikasema taa!

Jamani. Kamba ya mzinga inavumilia mzinga kwa sababu mzinga hautikiswi na injini, hilo nililijua baadaye. Mgongo wa kiti ukaanguka chali, na mimi nilifungwa mkanda juu yake, nikaanguka nao, kuku akapiga ukelele akarukia tumboni kwangu, kofia ikaenda nisikokujua, na kichwa changu, kichwa hiki mnachokiona, kikatua katikati ya mapaja ya mama mkwe wangu. Uso juu. Kama mtoto anayenyolewa.

Nikajaribu kuinuka, pua ya ndege bado iko juu, siwezi. Nikajaribu kufungua mkanda, kuku amekaa juu ya kifungo, ananidonoa. "Kondo!" nikasema. Kondo akageuka akaona, akageuka tena mbele haraka, na mabega yake yakaanza kucheza, na ndege ikaanza kucheza na mabega yake. "Mtani," akasema kwa sauti nyembamba, "tulia, tulia hivyo hivyo, ukijitupa tena utanivuruga, tutafia porini huko, na porini sina mtani wa kunilia."

Nikatulia. Macho nimeyafumba mpaka yanauma. Kisha nikasikia kitambaa laini kinanishukia usoni. Mama mkwe alikuwa amevua kanga yake ya juu, akanifunika. Alitengeneza heshima pale pale angani kwa kile alichokuwa nacho, na mpaka leo naona ni jambo la akili kubwa kuliko yote niliyopata kuyaona, maana baada ya hapo hatukuwa tunaonana, kwa hiyo kwa sheria hakukuwa na kosa jipya. Tukaenda hivyo mpaka Tabora. Kanga ilinukia karafuu na moshi. Niliamua nijifanye nimelala, mtu aliyelala hana hatia. Upande wa pili nilikuwa namsikia Nyamizi, amejitia upindo wa kanga mdomoni, anapumua kwa shida.

Tukatua. Ngoma nikaisikia kwa mbali, na vigelegele, Balozi Mrisho anapanga watu mstari. Injini ikazima. Kondo akaruka nje kwa mlango wake kwenda kutafuta kisu akate ile kamba iliyobaki imekamatia kiti, lakini hakufika mbali. Watu walishaizunguka ndege. Na dirishani wakaona nini? Mtu mzima amelala chali, hatikisiki, amefunikwa kanga usoni, kichwa kiko mapajani mwa mwanamke mzee asiyesema kitu, na kando mkewe ameinama, mabega yanatetemeka, machozi yanamtiririka. Ngoma ikakatika. Mama mmoja akapiga yowe, "Uuuwi! Maganga!" na yowe likajibiwa na mayowe.

Hapo ningenyanyua kanga niseme nipo. Kwa nini sikunyanyua? Nimejiuliza miaka yote hii. Fikirini lakini: nikinyanyua, watu wote wa nyumba zile kumi wananiona nimelala mapajani mwa mkwe wangu, hai, kwa akili zangu. Maiti ana udhuru. Nikasema ngoja nife kidogo, labda watatawanyika.

Hawakutawanyika. Balozi Mrisho akavua kofia, nikamsikia anasema, "Alikuwa mwongo mwongo kidogo, Mungu amsamehe, lakini asali yake haikuwa na maji." Wakaitika wote, "Haikuwa na maji, kweli." Ni watu wangapi wanapata kusikia hilo wakiwa na masikio bado?

Na Kondo je? Mtu mwingine yeyote angewaambia ukweli. Kondo alikuwa Mzaramo, Mnyamwezi wake amelala maiti mbele ya watu, yowe linapigwa, unategemea nini? Nilisikia mlango wa upande wangu unafunguliwa, kisha nikahisi mtu amekaa pale kwenye ngazi, mgongo kwangu, na sauti ya huzuni kubwa inasema: "Simameni hapo hapo. Maiti hii haitoki. Huyu ni mtani wangu, na amenifia angani, angani ni nyumbani kwangu. Kikomboleo kwanza!"

Hapo ndipo waliobaki na shaka wakaamini, kwa sababu kila mtu Tabora anajua mtani hakamati maiti isiyokufa. Yowe likawa maradufu. Kanjibhai peke yake hakuwa anazijua vizuri hizi desturi zetu, akapenya mbele, nikasikia ndala zake.

"Kondo, ndugu yangu, jua kali, mtu asikae hivi. Unataka nini? Sema."

"Nataka kichuma cha kiti."

Ndala zikarudi nyuma hatua moja.

"Kichuma kile cha Dar es Salaam?"

"Kile kile. Bila kichuma halali kaburini huyu. Ndicho kilichomuua."

Nikasikia Kanjibhai anapumua kwa pua, kama anavyopumua akipima kitambaa. Halafu akasema, na sauti yake haikuwa ya dukani, "Chukua. Hii fungu langu. Na hii fungu la Maganga, mimi namlipia, masikini, alikuwa mtu mzuri, tulibishana bure kwa kitu kidogo." Na noti nikazisikia.

Sasa mimi nimelelewa na mama yangu, mtu akikufanyia wema unaitika. Sikufikiri. Kutoka chini ya kanga nikasema, "Asante, Kanjibhai."

Sijapata kuona uwanja unaachwa wazi namna ile, na hata huo sikuuona, niliusikia. Miguu! Ngoma iliviringika peke yake mpaka ikagonga tairi. Balozi Mrisho aliacha viatu vyote viwili na kofia, na alikuwa mtu wa miwani na mkongojo, lakini wanasema alimpita mwenye baiskeli. Kanjibhai hakukimbia, alikaa chini tu, mahali pale pale. Kondo alikuwa amelala kwenye majani anapiga ardhi kwa ngumi.

Na katika ukimya ule, juu yangu, sauti ambayo miaka yote niliijua kwa kikohozi tu ikasema polepole, kama wanavyosema watu wa Lusu:

"Mkwe, kama umekwisha kufufuka, nipishe. Miguu imekufa ganzi."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza mama mkwe wangu aliyoniambia duniani. Nyamizi akautoa ule upindo mdomoni, akacheka kwa sauti, akacheka mpaka Shija naye akacheka bila kujua anacheka nini, na mimi chini ya kanga nikajua mke wangu amerudi.

Hospitali walimpokea mama jioni ile ile. Nyumbani Nyamizi alisonga ugali usio na mabonge, akaniwekea, akasema, "Usidhani nimerudi kwa sababu ya ndege. Lakini mwanamume aliyelazwa mapajani mwa mama yangu, nikimwacha nitamweleza nani?" Faini ya mkwe nililipa, mbuzi jike na doti ya kanga, na bawa la kushoto nikamwachia Kanjibhai, akawa na ndege ya mabawa mawili, mimi nikarudi kwa ng'ombe wachache wakaanza kumzoea yule dume mwenye chongo. Pwani nilikwenda baadaye kwa treni, nimekaa kitako, inatosha, babu hakutaja ndege. Kichuma kiliagizwa. Kondo alikifunga mwenyewe, na kila abiria akipanda alimwambia, "Kaa kwa heshima, kiti hiki kimekombolewa."

Daktari alipomtoa mama mkwe kitambaa cha macho, mimi nilikuwa dirishani, nje, nimesimama kando kama inavyotakiwa, sikujua kwamba daktari atamgeuzia upande wa mwanga. Tukatazamana. Uso kwa uso, mara ya kwanza. Akaniangalia sana kwa yale macho mapya, kisha akamgeukia bintiye. "Ndiye huyu?" akasema. "Kwenye kanga alikuwa na sura nzuri zaidi." Kisha akajifunika uso, desturi ni desturi, lakini mabega niliyaona yanacheza.

Mimi tangu siku ile sijakaa kwenye kiti chochote, cha basi, cha kinyozi, cha kanisani, kabla sijautikisa kwanza mgongo wake, na watu wananicheka, wacheke. Na juzi wajukuu zangu wawili na rafiki yao wamekuja kuniarifu, wanataka kuchanga wanunue pikipiki moja, huyu atalipa gurudumu la mbele, huyu la nyuma, yule injini. Wamepanga vizuri, wamesoma kuliko mimi. Nikawasikiliza mpaka mwisho, nikawapa asali walambe, nikawauliza neno moja tu: kiti ni cha nani? Wakaangaliana.